Kutoka Milimani Hadi Mjini: Historia ya Wachuuzi Waliotutangulia



Halmashauri ya maandalizi ya mkutano wetu imenitaka niandike habari za jinsi ukoo wetu ulivyoshuka kutoka milima ya Uluguru ukaingia Dar es Salaam, na hatimaye baadhi yetu tukajikuta hapa Uingereza. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha, na kwa hofu kidogo. Furaha, kwa kuwa vijana wetu waliozaliwa huku wanaijua Dar es Salaam kwa uwanja wake wa ndege na harusi za mwezi Desemba, nao wanastahili kujua zaidi ya hayo. Hofu, kwa kuwa katika historia hii pana ukurasa mmoja nilioundika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ya serikali, nami sijapata kuusoma mbele ya watu.

Historia za mji mkubwa huandikwa kwa kawaida kwa majina ya masultani, magavana na marais. Mimi nitaieleza kwa njia ya mtu mmoja aliyebeba tenga la machungwa. Katika mila yetu ya Kiluguru ukoo, yaani lukolo, huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mlezi na mwenye kauli. Kwa hiyo haishangazi kwamba aliyetufungulia mlango wa mji alikuwa ni mjomba wangu, kaka yake mama. Wengi wenu mnamwita Babu.

MJI ULIVYOKUWA

Dar es Salaam ilianzishwa katika miaka ya 1860 na Sultani Majid bin Said wa Unguja. Wajerumani waliifanya makao makuu yao mwaka 1891, wakiyahamisha kutoka Bagamoyo, na reli yao ilifika Morogoro mwaka 1907. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916. Jina la Kariakoo, ambalo kila Mtanzania analijua, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi mahali pale wakati wa vita ile. Kwa hiyo hata jina la soko letu kuu ni kumbukumbu ya watu waliobeba mizigo.

Wakoloni waliugawa mji katika sehemu tatu, ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mwafrika alitakiwa awepo mjini kwa sababu moja tu, yaani kuajiriwa. Akiwa kuli wa bandarini, mtumishi wa nyumbani au tarishi, aliitwa mfanyakazi. Akiwa na biashara yake ndogo, hakuwa na jina. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, na kwa sheria hiyo mtu asiyekuwa na ajira iliyotambulika aliweza kurudishwa kwao.

Si kwamba wafanyabiashara wa Kiafrika hawakuwepo, au walinyamaza. Mwaka 1934 Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, aliongoza kuundwa kwa chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Nalitaja jambo hili ili vijana wafahamu kwamba hoja ya heshima ya mtu anayejitafutia riziki haikuanza jana.

SABABU ZA KUSHUKA MLIMANI

Watu hawaachi shamba la mama zao bila sababu. Uluguru ni nchi nzuri, yenye mvua na mito, lakini ardhi yake ni ya miteremko na watu wake ni wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Kazi ilikuwa nzito na mavuno hayakuongezeka. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo walikataa kwa pamoja, pakatokea ghasia, na mpango ule ukaachwa.

Mjomba alikuwa kijana wa miaka 21 wakati ule. Alituambia mara nyingi kwamba hakukimbia polisi, bali hesabu. Alihesabu ndugu zake, akahesabu vipande vya ardhi ya ukoo, akaona kwamba akibaki atamnyang'anya mtu. Mwaka 1956 akashuka mpaka Morogoro kwa miguu, akapanda lori lililokuwa likipeleka ndizi na machungwa pwani. Nauli yake ilikuwa kazi ya kupakia na kupakua.

Mji aliouingia ulikuwa bado mdogo. Katika sensa ya mwaka 1957 ulikuwa na watu wapatao 128,000. Mwaka huo huo aliofika yeye, ofisa mmoja wa Kiingereza, J. A. K. Leslie, alikuwa akifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa mji ule, uchunguzi uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1963. Wazaramo, wenyeji wa nchi ile, ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote. Sisi Waluguru tulikuwa wageni wao wa karibu, tukisikilizana nusu ya maneno.

KAZI ISIYOITWA KAZI

Mjomba alilala kwanza katika chumba kimoja Kariakoo pamoja na vijana wengine wanne wa Matombo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, na mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo. Kwa miezi mitatu Mjomba alitafuta ajira bandarini bila kuipata. Ndipo akamwendea dereva wa lile lori lililomleta.

Hapa naomba nieleze kwa kituo, kwa sababu ndipo ilipo elimu yenyewe. Mjomba hakuwa na mtaji. Alichokuwa nacho ni kujulikana kwao. Dereva alimwachia tenga moja la machungwa kwa mali kauli, maana yake achukue bidhaa sasa na alipe akisha kuuza, kwa ahadi ya mdomo tu. Jioni alilipa. Kesho yake akapewa matenga mawili. Laiti angetoroka na fedha za tenga la kwanza, habari ingefika Matombo kabla yake, na mama yake angeulizwa kanisani. Dhamana ya benki ilikuwa ni aibu ya ukoo, nayo ilitosha.

Machungwa yalichambuliwa asubuhi kwa mafungu matatu. Mazuri yalipelekwa kwa wateja wa maofisini. Ya kati yalimenywa kwa kisu na kuuzwa moja moja penye vituo vya mabasi. Yaliyoanza kulainika yaliuzwa kwa fungu, matano au sita pamoja, kwa akina mama waliokuwa wakirudi nyumbani jioni. Fungu ni jambo dogo lenye maana kubwa. Mtu aliyelipwa kwa siku hawezi kununua kikapu, ila anaweza kununua fungu. Nusu ya mji ule ilikula kwa mafungu, na waliouza mafungu hayo ndio wale ambao vitabu vya serikali viliandika kwamba hawana kazi.

Baadaye Mjomba alifungua genge, akaongeza nyanya, vitunguu na nazi, akaanza na daftari la wadeni. Karani aliyeishiwa mshahara tarehe kumi na tano alikula kwa daftari hilo hadi mwisho wa mwezi. Hivyo ndivyo mgeni wa mlimani alivyogeuka kuwa mwenyeji. Mtu wa ajira hujulikana na bwana wake, bali mtu wa genge hujulikana na mtaa mzima. Alijua nani ameoa, nani anaumwa, nani amefiwa. Palipokuwa na msiba aliitwa mapema, na alipofiwa yeye mtaa ulikuja. Watani wetu Wanyamwezi walichimba kaburi na kutukejeli huku tukilia, kama desturi inavyotaka. Wake wa mtaa walicheza upatu, na zamu ya mke wa Mjomba ilipofika, fedha zile zilinunua bati. Katika miaka ya 1960 akajenga nyumba ya miti na udongo Manzese, kando ya barabara ya Morogoro, mahali ambapo lori la kwao lilipita kila siku.

Mimi nililetwa kwake mwaka 1967, nikiwa na miaka tisa, ili nisome. Mwaka huo sensa ilihesabu watu wapatao 272,000 mjini, zaidi ya mara mbili ya wale wa miaka kumi nyuma. Sare yangu, madaftari yangu na viatu vyangu vyote vilitoka katika machungwa. Nilipofaulu na kuajiriwa serikalini, Mjomba alinunua shati jeupe akanipa mbele ya wateja wake, akasema, "Sasa nasi tuna mtu ndani."

MWAKA 1983

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kwamba kila mtu mwenye nguvu afanye kazi, na wala sikuona kosa katika neno hilo, wala silioni hadi leo. Mgogoro ulikuwa katika kuamua kazi ni nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ya nchi ilikuwa ngumu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza hazina, mafuta yalipanda bei, na sabuni, sukari na unga vilipatikana kwa foleni. Mwaka 1983, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, serikali iliwasaka waliotajwa kuwa wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Nguvukazi. Watu wa mjini walitakiwa waonyeshe vitambulisho vya kazi. Asiye nacho alihesabiwa mzururaji, akapelekwa kijijini akalime.

Nilikuwa na miaka 25, karani katika ofisi ambayo sitaitaja. Niliteuliwa kuandikisha watu waliokamatwa. Walishushwa kutoka kwenye karandinga, wakapangwa mstari mbele ya meza yangu. Kitabu kilikuwa na safu tatu, yaani jina, wilaya ya asili, na kazi. Tulielekezwa kwamba mtu asiye na kitambulisho, katika safu ya tatu aandikwe "hana".

Siku ya pili, kiasi cha saa tano asubuhi, niliinua macho nikamwona Mjomba.

Alinitazama kama mtu asiyenijua. Nilimwuliza jina, akalitaja. Nikamwuliza wilaya, akasema Morogoro, Matombo. Nikamwuliza kazi. Akajibu, "Nauza machungwa. Mwaka wa ishirini na saba sasa." Mkubwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akasema, "Andika hana." Nikaandika.

Ndugu zangu, huo ndio ukurasa niliousema. Naliandika neno hilo nikiwa nimevaa shati alilonunua yeye.

Mjomba alirudi siku ya kumi na nne. Alikuja juu ya lori la matunda, ameketi juu ya matenga aliyokwisha kuyanunua huko huko alikopelekwa akalime. Wengi wa waliopelekwa walirudi kwa namna kama hiyo, maana sheria iliweza kuwatoa watu mjini lakini haikuweza kuitoa njaa ya mji. Usiku ule nilikwenda Manzese kumwomba radhi. Sikumaliza sentensi yangu. Alisema, "Ungesema unanijua, wangesema karani anaficha nduguze. Siku ile ilitosha kupotea kazi ya mtu mmoja." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Hakulitaja tena hadi alipofariki mwaka 1998. Nami sikulitaja, ingawa kwa sababu tofauti na yake.

Nalinganisha sheria ile ya mwaka 1944 na hii ya mwaka 1983, nami naona kwamba wakoloni na sisi tulikosea mahali pamoja. Waliotunga ile ya kwanza hawakututakia mema. Waliotunga ya pili walitutakia mema, na Sokoine mwenyewe, aliyefariki kwa ajali mwezi Aprili 1984, anakumbukwa hadi leo kwa uadilifu wake. Lakini wote waliamini kwamba kazi ni ile yenye mwajiri au yenye jembe. Katikati ya viwili hivyo hawakumwona mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwenda kupokea lori.

WAKATI WA RUKSA

Sheria ya Nguvukazi ilizaa kitu ambacho wengi hawakukitazamia. Chini yake zilitolewa leseni kwa wafanyabiashara wadogo, na Mjomba alipata yake. Aliihifadhi katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Sheria iliyomwita mzururaji ndiyo iliyompa karatasi ya kwanza ya serikali yenye kutaja biashara yake. Leseni hizo zilifutwa mwaka 2003.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia mwaka 1985, mitaa ilijaa mitumba, sabuni na khanga. Mabasi ya watu binafsi, yaani daladala, yalikuwa yamekwisha kuruhusiwa tangu mwaka 1983. Vijana wa kusini, kutoka pande za Lindi na Kilwa, walikuja wakitembeza bidhaa mikononi, na jina la kabila mojawapo la huko, Wamachinga, likawa jina la wachuuzi wote, hata Wasukuma na Wagogo. Mwaka 1988 mji ulikuwa umefikia watu 1,360,000.

Na sisi tuliokuwa "ndani"? Mshahara wangu haukufika tarehe kumi. Mke wangu alikaanga maandazi alfajiri na kuuza barafu mchana, na kwa kweli fedha zake ndizo zilizolisha watoto. Mkubwa wangu, yule yule aliyesimama nyuma ya kiti changu, alifuga kuku na kuuza mayai ofisini. Sikumcheka. Nilinunua. Katika upunguzaji wa watumishi wa serikali wa miaka ya 1990 mimi pia niliachishwa, na mwaka 1996 nikaja Uingereza, nikatumikia halmashauri ya mji hapa hadi kustaafu. Nauli yangu ya ndege ilichangwa, na mchango mkubwa kuliko yote ulitoka gengeni.

WALIOBAKI BARABARANI

Shauri la wachuuzi halijakwisha huko nyumbani. Katika eneo la Ilala lilijengwa jengo la ghorofa, Machinga Complex, ili waingie humo, lakini vizimba vingi vilikaa vitupu kwa muda mrefu, kwa sababu mnunuzi wa fungu hapandi ngazi. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza watolewe vitambulisho kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4, nao wakafanya biashara barabarani bila kubughudhiwa sana. Mwezi Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua moto. Oktoba ya mwaka huo huo wachuuzi wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara na kuelekezwa maeneo mengine. Wenye maduka walishukuru, na waenda kwa miguu pia, nami nakiri kwamba barabara iliyozibwa ni kero ya kweli. Lakini sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa ule, na viwanda na maofisi hayawezi kuwaajiri wote hao. Watu hao wanakula, na yuko anayewauzia.

NENO KWA VIJANA WETU

Tazameni sasa hapa tulipo. Wa kwanza wetu waliofika huku walisafisha maofisi usiku na kuwatunza wazee katika nyumba za malezi. Baadaye mmoja alianza kusuka nywele sebuleni, mwingine akapika sambusa na pilau kwa shughuli za watu, wa tatu akakusanya mizigo ya ndugu na kuijaza kontena la kwenda Dar es Salaam. Aliyesuka alipata wateja wa kwanza kwa kujulikana, na aliyejaza kontena aliaminiwa fedha za watu kwa ahadi ya mdomo. Hayo ni mali kauli na daftari la genge, ila yamevuka bahari. Na kama ilivyokuwa kwa Mjomba, majirani zetu wa Kiingereza walitufahamu kwanza kwa kile tulichowauzia na kuwapikia, kabla ya kutufahamu kwa majina.

Kwa hiyo kijana wetu akija kusema ameacha ajira aanze shughuli yake, wazee tusikimbilie kumwuliza mshahara utatoka wapi. Tumwulize kama analipa jioni alichochukua asubuhi. Na kijana naye akumbuke kwamba Mjomba hakuinuka peke yake. Palikuwa na dereva aliyemwamini, bibi wa Kizaramo aliyengoja kodi, na mtaa uliomzika mama yake.

Namalizia kwa ombi moja. Mwishoni mwa kijitabu hiki pana orodha ya ukoo, yenye safu za jina, mahali pa kuzaliwa na kazi. Waandaaji waliponiletea rasimu, mbele ya jina la Mjomba safu ya kazi ilikuwa na mstari mtupu. Hawakukusudia ubaya, hawakujua tu la kuandika. Nimechukua kalamu nikaandika: muuza machungwa, Dar es Salaam, 1956 hadi 1998. Naomba isifutwe.